Picha ya mnyama iliyoharibiwa na mwanga: ipi njia ya kuiokoa?

Chui amekaa juu ya tawi, jua limeshazama, na nyuma ya majani mbingu imebakiwa na weupe kidogo tu. Nilimpiga picha tisa mfululizo: spidi ya shata 1/160, lenzi imefunguka hadi mwisho wake wa f/5.6, ISO (kiwango cha kamera kukuza ishara ya mwanga) 6400. Nilipozifungua kwenye kompyuta, zote tisa zilikuwa giza. Zilipungukiwa stopu mbili, na kwa kuwa kila stopu ni mwanga mara mbili, sensa, kile kibapa cha kamera kinachopokea mwanga, ilikuwa imepata robo tu ya mwanga niliouhitaji. Lakini katika moja, jicho la kushoto lilikuwa limetoka safi kabisa, hata ule weupe wa mbingu ulionekana umelala ndani yake. Picha yenye jicho kama hilo haifutwi.

Nimeipitisha picha hiyo kwenye karibu kila njia ninayoijua, nikayaweka matokeo ubavu kwa ubavu na kuyakagua kwa ukubwa wa asilimia 100. Ulinganisho huu umetokana na kazi hiyo, pamoja na picha nyingine zilizonisumbua: ndege mwenye kichwa cheupe kwenye jua la saa sita, tembo aliyesimama mbele ya jua lenyewe, nyani ndani ya msitu. Msimamo wangu nautaja mapema. Njia inayokamua mwanga uliorekodiwa kweli ijaribiwe kabla ya njia inayobuni kile ambacho hakikurekodiwa, na dawa yoyote ipakwe pale panapouma, si mwili mzima.

Jua ugonjwa kabla ya kuchagua dawa

Mwanga humtesa mpiga picha kwa namna nne: unapungua, unatoka nyuma ya mnyama, unazidi, au unakuja na rangi yake. Kila namna ina tiba yake, na watu wengi hukwama kwa sababu wanatumia tiba moja kwa zote nne. Wanasukuma vitelezi vilevile vya programu kwa picha ya alfajiri na kwa picha ya saa saba mchana.

Kuna makosa yanayojificha nyuma ya mwanga lakini si ya mwanga. Mkia uliochezacheza kwa sababu spidi ya shata ilikuwa ndogo hautarudi. Fokasi iliyoangukia kwenye nyasi badala ya jicho haitarudi. Ule mtetemo wa hewa ya moto unaoonekana ukipiga kwa lenzi ndefu mchana hautarudi pia, kwa kuwa hewa ilishaupinda mwanga kabla haujafika kwenye lenzi. Programu za kunoa picha zinaweza kupunguza ulaini kidogo unaotokana na lenzi. RawTherapee, kwa mfano, inatumia hesabu ya Richardson na Lucy iliyoanza kutumika miaka ya 1970. Lakini ulaini kidogo ni jambo moja na mwendo ni jambo jingine. Kama jicho halikunaswa, okoa muda wako.

RAW au JPEG

Hapa hakuna mashindano ya kweli, ila inafaa kuelewa kwa nini. JPEG, faili ambayo kamera imeshaitengeneza na kuibana, huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW, faili ghafi ya kile sensa ilichorekodi, ikiwa ya biti 14 ina ngazi 16,384. Sensa huhesabu mwanga kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo stopu ya juu kabisa, ile yenye mwanga mwingi, huchukua nusu ya ngazi zote: 8,192. Inayofuata huchukua 4,096, kisha 2,048, kisha 1,024. Ukifika stopu ya tano kutoka juu, kwenye vivuli ambako manyoya ya shingo ya chui yamejificha, umebakiwa na ngazi 512. Bado ni nyingi za kufanyia kazi. Kwenye JPEG, eneo hilohilo limeachiwa ngazi chache, tena limeshabanwa ili faili iwe ndogo.

Kamera yangu ilikuwa inahifadhi aina zote mbili, kwa hiyo niliinua zote stopu mbili. Kwenye RAW manyoya yalitokea yakiwa na chenga nyingi, zile nukta za ovyo za mwanga hafifu, lakini yalikuwa manyoya. Kwenye JPEG ilitokea mabaka: viraka vya zambarau na kijani vyenye kingo za mraba, na madoa mawili ya shingoni yakaungana kuwa doa moja. Kamera ilikuwa imeshapunguza chenga yenyewe kabla ya kuhifadhi, na kwa kufanya hivyo ililamba pia manyoya.

Tofauti ya pili ni mizani ya weupe, yaani ule mpangilio unaoamua nyeupe iwe nyeupe ipi. Kwenye RAW ni maandishi tu yaliyoambatishwa, unayabadilisha utakavyo bila hasara. Kwenye JPEG imeshapikwa ndani, na kuiondoa ni kama kutaka kutoa chumvi kwenye mchuzi.

Kama ulichonacho ni JPEG tu, usikate tamaa, ila punguza matarajio. Nusu stopu hadi stopu moja mara nyingi inavumilika. Zaidi ya hapo, fikiria kuifanya picha ndogo au ya nyeusi na nyeupe, mambo nitakayoyagusa mbele.

Kupandisha ISO palepale, au kuinua mwanga baadaye

Swali hili linagawa wapiga picha, na kila upande una haki yake.

ISO haiongezi mwanga. Mwanga unaamuliwa na tundu la lenzi na muda wa shata, basi. Chenga nyingi tunazoziona zinatokana na mwanga wenyewe, kwa sababu hauji kama maji ya bomba, unakuja kama matone ya mvua, hapa mengi na pale machache. Ukipata mwanga mara nne, usafi wa picha unaongezeka mara mbili. Juu ya hizo kuna chenga za kamera yenyewe inaposoma sensa, na hizo ndizo zinazotofautiana kati ya kamera na kamera.

Kwenye sensa nyingi za kisasa, chenga hizo za kamera ni ndogo kiasi kwamba RAW ya ISO 1600 iliyoinuliwa stopu mbili kwenye kompyuta hufanana sana na RAW ya ISO 6400 iliyopigwa palepale. Faida ya kuacha ISO chini ni kwamba sehemu angavu, kama mbingu nyuma ya majani, zinapata stopu mbili za nafasi kabla ya kuungua. Hasara ni kwamba skrini ya nyuma ya kamera inaonyesha giza tupu na huwezi kukagua ulichopata. Kwa sensa za zamani, vivuli vilivyoinuliwa sana vinaweza kuonyesha mistari ya mlalo, na mistari hiyo ni vigumu kuiondoa kuliko chenga za kawaida.

Usimwamini mtu kuhusu kamera yako, ijaribu mwenyewe. Weka kamera kwenye tripodi jioni, piga picha moja kwa ISO 6400 na nyingine kwa ISO 800, shata na tundu la lenzi zikiwa zilezile. Inua ya pili stopu tatu, kisha tazama vivuli vyake. Zikifanana, una uhuru wa kuchagua. Zisipofanana, pandisha ISO palepale kila mara.

Uamuzi wangu: mandhari yote ikiwa na mwanga hafifu unaofanana, napandisha ISO kwenye kamera. Kukiwa na kipande cha mbingu au maji yanayong'aa nyuma ya mnyama, naiacha chini na kuinua baadaye. Yule chui alikuwa na mbingu nyuma yake. Lile giza lililonisikitisha ndilo lililoniachia rangi ya samawati ya mwisho katikati ya majani.

Jambo moja halina mjadala: kati ya picha yenye chenga na picha iliyotikisika, chukua yenye chenga. Chenga zina dawa.

Dawa za chenga, ubavu kwa ubavu

Hapa ndipo nilipokaa siku nyingi kuliko pengine pote.

Kwanza, upunguzaji wa kawaida. darktable, programu ya bure, ina moduli inayojua tabia ya chenga za kila aina ya kamera kwa kila ISO, kwa sababu chenga hizo zilipimwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu yake. Unachagua kati ya chenga za rangi, zile nukta nyekundu, kijani na buluu zinazotapakaa vivulini, na chenga za mwanga, zile zinazofanana na mchanga. Za rangi ziondoe bila woga, maana jicho la binadamu halidai undani mwingi wa rangi. Za mwanga zipunguze kwa mkono mwepesi. Kwa chui wangu, matokeo yalikuwa picha yenye mchanga laini juu yake, lakini kila unywele uliokuwepo ulibaki mahali pake. Sharubu zilikatikakatika, kwa kuwa kwenye faili zilikuwa zimekatikakatika.

Pili, akili mnemba. Adobe waliingiza kipengele chao cha kuondoa chenga kwenye programu yao ya Lightroom mwaka 2023. DxO walishakuwa na DeepPRIME tangu 2020, na Topaz nao wana yao. Programu hizi zimefundishwa kwa picha nyingi mno, zikajua manyoya yanavyokaa na magome yanavyopasuka. Mara ya kwanza niliyoona matokeo nilinyamaza. Mchanga wote ulitoweka, sharubu zikanyooka moja moja, na jicho likawa kama limepigwa mchana. Nikaikuza picha zaidi. Nyuma ya sikio, ambako RAW haikuwa na kitu ila giza na chenga, palikuwa na manyoya mazuri yaliyolala kuelekea usoni. Kwenye sikio la pili, lililopata mwanga, manyoya yalilala kuelekea nyuma. Na gome la tawi chini ya kifua chake lilikuwa limeota vinywele.

Hayo hayakuwepo. Programu ilikisia, na ilikisia kwa ujasiri. Kwa picha ya kutundika ukutani pengine hakuna atakayejali, lakini mtu anayetumia picha kutambua aina ya ndege kwa michirizi ya manyoya, au kumtambua chui mmoja kwa madoa yake, anapaswa kuogopa. Tiba ni kupunguza dozi. Kwenye Lightroom nguvu hupangwa kati ya 1 na 100, na yenyewe huanzia 50. Mimi kwa manyoya huishia 25 hadi 40, nikiacha mchanga kidogo uonekane. Mchanga huo unaficha makisio na unaifanya picha iwe na uhai. Pia ifanye kazi hii mwanzoni kabisa, juu ya RAW, kabla ya kunoa au kuongeza kontrasti. Ukinoa kwanza unazipa chenga kingo, na programu itadhani ni manyoya.

Tatu, kurundika picha. Ukiwa na picha kadhaa za mnyama aliyetulia, unazipanga zilingane na kutafuta wastani wake. Chenga hutofautiana kutoka picha hadi picha, mnyama habadiliki, kwa hiyo wastani unazifuta chenga na kumwacha mnyama. Picha nne hupunguza chenga kwa nusu, tisa kwa theluthi mbili, kumi na sita kwa robo tatu. Hakuna kinachobuniwa, na ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko zote. Nilizirundika zile tisa: mwili wa chui na gome la mti vilitoka vizuri kuliko kwa akili mnemba, na mpasuko wa gome ulikuwa mpasuko wa kweli. Lakini mkia ulikuwa umesogea, ukatokea kama moshi, na masikio yaliyokuwa yakizungukazunguka yakapoteza kingo. Bundi aliyesinzia, mamba juu ya mchanga, nyoka aliyejikunja: hao ndio wateja wa njia hii. Ndege anayeruka, msahau.

Nne, kuifanya picha iwe ndogo. Watu hawaithamini kwa sababu haina jina kubwa. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikipunguzwa upana kuwa 2000, kila pikseli moja mpya inatokana na pikseli tisa za zamani. Chenga hupungua hadi karibu theluthi, karibu sawa na kurundika picha tisa, bila mkia wa moshi na bila programu ya kununua. Kama picha yako itaishia kwenye skrini ya simu, anza hapa kabla hujalipia chochote.

Ya tano ni nyeusi na nyeupe. Chenga za rangi hazina pa kukaa tena, na zilizobaki zinaonekana kama filamu ya zamani. Tembo, nyati na kifaru hupokea vizuri. Ndege wa rangi nyingi hunyang'anywa utajiri wao, kwa hiyo kwao iwe kimbilio la mwisho.

Jua likiwa nyuma ya mnyama: inua kivuli au acha umbo jeusi

Tembo yule alisimama kati yangu na jua, vumbi likipanda miguuni, mstari wa dhahabu ukizunguka mgongo na masikio. Uso wake ulikuwa mweusi. Nilitengeneza picha mbili.

Ya kwanza, niliinua vivuli hadi makunyanzi ya mkonga yakaonekana. Makunyanzi yalikuja, na pamoja nayo ukaja utando wa weupe kuzunguka mwili mzima, kama mtu amemulika taa kwa nyuma. Utando huo hutokea kitelezi cha vivuli kinaposukumwa sana, kwa kuwa programu haijui vizuri mwisho wa mnyama na mwanzo wa anga. Maski ya mnyama peke yake, yaani kuchagua eneo lake ili rekebisho liguse hapo tu, inasaidia, ila ikague kwenye nywele za mkia na za masikio, ndiko inakodanganya. Na kuna sheria moja ya macho: mnyama aliyepigwa na jua mgongoni hawezi kung'aa usoni kuliko anga lililo nyuma yake. Ukiinua hadi hapo, mtazamaji atahisi uongo hata kama hawezi kusema uko wapi.

Ya pili, niliacha mwili uwe mweusi, nikashusha nyeusi chini kidogo zaidi na kulinda ile dhahabu isiungue. Ndiyo niliyoiweka. Umbo la tembo, pembe zikiwa zimetengana na mkonga, linajieleza lenyewe.

Kwa hiyo angalia umbo kwanza. Kama miguu imetengana, masikio au pembe zinaonekana pembeni, na mnyama hajafunikwa na kichaka, acha jeusi. Kama amekaa amejikunja na umbo lake ni kama jiwe, itabidi uinue, na stopu mbili ndizo ninazovuka kwa nadra. Swala anayetazama moja kwa moja kwenye kamera naye namwinua, kwa sababu ya macho.

Mwanga uliozidi

Furukombe ana kichwa cheupe, mwili wa kahawia na mabawa meusi. Jua la saa sita juu ya ndege huyo ni mtihani kamili: ukipima mwanga kwa mwili, kichwa kinaungua, ukipima kwa kichwa, mabawa yanazama.

Hapa lazima niseme wazi, maana ndipo matumaini ya uongo yanapouzwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Sensa ikishajaa haihesabu tena. Kinachookoa ni kwamba rangi tatu hazijai pamoja, na kwa jua la mchana mara nyingi kijani hujaa kwanza. Ikijaa rangi moja, programu hutumia mbili zilizobaki kukisia, na manyoya hurudi vizuri. Zikijaa mbili, unapata umbo bila rangi. Zikijaa zote tatu, unachoweza kupata ni kijivu kilichopakwa bapa, na kijivu hicho juu ya kichwa cha ndege ni kibaya kuliko weupe wenyewe. Histogramu ya rangi tatu ndani ya programu, ule mchoro unaoonyesha mwanga ulivyogawanyika kutoka giza hadi weupe, itakuambia uko kundi gani kabla hujapoteza saa nzima.

Kati ya kushusha mwanga wa picha yote na kushusha kichwa peke yake kwa maski, maski inashinda kwa mbali. Ukishusha picha yote, mabawa yanakufa, unayainua, chenga zinakuja, na unajikuta unatibu dawa. Kwa kichwa cha furukombe napaka maski laini, nashusha sehemu angavu peke yake, kisha naongeza kidogo kontrasti ndogondogo ili michirizi ya manyoya itengane. Mabawa nayaacha meusi. Ni meusi.

Ndiyo maana, tofauti na jioni, mchana nampiga ndege mweupe kwa giza kidogo kwa makusudi, theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima. Kivuli kinainuka. Weupe ulioungua haushuki.

Rangi ya msitu, vumbi na ukungu

Chini ya miti, mwanga hupita kwenye majani na kumfikia nyani akiwa amevaa kijani. Kubadilisha joto la rangi peke yake, kutoka buluu kwenda njano, hakutoshi. Kijani kinaondolewa na kitelezi cha pili, kile cha kijani na magenta. Tafuta kitu kisicho na rangi kama jiwe la kijivu au gome kavu, bofya hapo, kisha rudisha kijani kidogo, kwa sababu msituni kweli kuna kijani. Ukikuta mabaka ya jua juu ya mnyama, usiyape mizani moja na kivuli. Jua ni karibu 5500 K (Kelvin, kipimo cha joto la rangi) na kivuli huenda 7000 au 8000 K, kwa hiyo maski mbili zitakupa rangi inayoaminika.

Kitelezi cha kuondoa ukungu hufanya kazi kwa kanuni ya kupendeza. Kwenye picha ya nje iliyo safi, karibu kila kipande kidogo kina angalau rangi moja iliyo hafifu sana. Ukungu huinua hiyo rangi hafifu, na programu hupima imeinuka kiasi gani na kuitoa. Tatizo ni kwamba inakoza rangi na kufufua chenga ulizozizika. Vumbi la kundi la nyumbu ni sehemu ya habari ya picha, liache. Moshi mwembamba uliotanda kati yako na simba aliye mbali, toa kidogo, juu ya simba tu.

Programu ipi

darktable ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux, macOS na Windows, na haigusi faili yako ya asili. Inadai uvumilivu. Wiki mbili za kwanza utaichukia kwa wingi wa moduli zake. Baada ya hapo utakuwa na udhibiti wa maski na vivuli ambao programu chache zinaufikia. RawTherapee, nayo ya bure, naipenda kwa kunoa na kwa kurudisha weupe uliokaribia kuungua.

Lightroom inalipiwa kwa usajili. Unachonunua hasa ni kasi: inamchagua mnyama kwa kubofya mara moja, na kuondoa chenga kuko palepale. Mtu anayerudi na picha elfu mbili kwa siku atailipia bila kulalamika. DxO PureRAW hufanya kazi chache tu, kusafisha RAW na kurekebisha lenzi, kisha inakupa DNG, aina ya faili ya RAW, uiendeleze kwingine. Kwa chenga za ISO kubwa ndiyo niliyoiona ikitunza manyoya ya ndege vizuri kuliko nyingine nilizojaribu. Hizi za akili mnemba zinahitaji kompyuta yenye kadi ya michoro ya maana, la sivyo picha moja itakuchukua dakika nyingi.

Kwa simu, Snapseed ya Google ni ya bure, na kwenye Android inafungua DNG. Ina nukta za kuchagua eneo, zinazotosha kumwinua ndege bila kugusa anga. Chenga nyingi haiziwezi.

Anayeanza na hana bajeti: darktable, pamoja na mazoea ya kuhifadhi picha ndogo. Anayepiga zaidi alfajiri na jioni kwa lenzi yenye tundu dogo: ongeza programu moja ya akili mnemba, hapo fedha haipotei. Anayepiga mchana: maski ndizo za kujifunza, na zipo kwenye programu za bure.

Kama unafikiria mashindano, tunza RAW zako zote, pamoja na zile za pembeni mwa picha uliyoichagua. Wildlife Photographer of the Year, yanayoendeshwa na Natural History Museum ya London na yaliyoanza 1965, hudai faili ya asili kutoka kwa wanaofika hatua za mwisho. Kurekebisha mwanga, rangi na chenga kwa kiasi kunakubalika kwenye mengi. Kuongeza au kutoa kitu hakukubaliki. Manyoya yaliyobuniwa nyuma ya sikio yako upande gani? Mimi nayahesabu upande wa kuongeza.

Chui wangu, mwishowe, alitokana na njia mbili. Mwili, tawi na gome nilivichukua kwenye rundo la picha tisa. Kichwa na mkia nilivichukua kwenye picha ile moja yenye jicho, ikiwa imesafishwa kwa nguvu ya 30, nikaunganisha kwa maski yenye kingo pana kwenye shingo na kwenye shina la mkia. Niliinua mwili stopu moja na nusu badala ya mbili, ili jioni ibaki jioni. Nyuma ya sikio niliacha giza.

Kwa mashindano nisingeipeleka, kwa kuwa inaunganisha picha zaidi ya moja. Iko ukutani, upana wa sentimita 60, na ukisogea karibu utauona mchanga mwembamba juu ya paji la uso wake.